Kujenga Baraza la Mbao Nyuma ya Nyumba: Mwongozo wa Kuanzia Udongoni

Mtu anayetaka baraza la mbao nyuma ya nyumba yake, iwe Kisumu, Kakamega au Nakuru, kwa kawaida humjia fundi akiwa na picha kwenye simu: sakafu inayong'aa, viti viwili na taa zinazoning'inia. Picha hizo hazionyeshi kamwe kilicho chini ya sakafu, na ni huko chini ambako maisha ya baraza huamuliwa. Nimejenga mabaraza kadhaa na kubomoa mengine yaliyojengwa na wenzangu, na katika niliyoyabomoa sijakuta hata moja lililoanza kuharibikia juu. Ama mchwa walipanda kutoka ardhini, ama maji yalituama mahali pasipoonekana, ama udongo mweusi uliinua nguzo moja na kuiacha nyingine palepale ilipokuwa. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa udongoni kwa muda mrefu kuliko msomaji anavyotarajia.

Mafundi wengi huliita "deki", jina ambalo humchanganya mtu aliyezoea kupiga deki sakafu kwa maji na kitambaa. Hapa nitasema baraza, nikimaanisha sakafu ya mbao isiyo na kuta, iliyoinuliwa kutoka ardhini. Chini ya mbao za sakafu kuna boriti, chini ya boriti kuna mihimili, na chini ya mihimili kuna vikingi vya zege vilivyozama ardhini. Anayeielewa safu hiyo ya vitu vinne ataweza kuzungumza na fundi yeyote bila kubabaishwa.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba mbao ndiyo jibu

Chukua futi kamba, nenda kwenye mlango wa nyuma, upime kimo cha sakafu ya nyumba kutoka ardhini. Kipimo hicho kimoja huamua mambo mengi. Sakafu ikiwa chini ya sentimita 30, nashauri uachane na mbao kabisa na utandaze mawe bapa au vitofali vya zege, kwa sababu mbao zitakazobanwa karibu na ardhi hazitapata hewa, na hakuna mtu atakayeweza kuingia chini kuangalia kama mchwa wameanza kazi. Sakafu ikiwa kati ya sentimita 45 na 60, mahali pako pamefaa mno: mihimili itakaa moja kwa moja juu ya vikingi bila kuhitaji nguzo za mbao. Kimo kikizidi hapo, au ardhi ikiwa na mteremko kama ilivyo kwenye vilima vya Riat, nje kidogo ya Kisumu, utahitaji nguzo, na nguzo zikizidi mita moja na robo ni lazima ziunganishwe kwa mbao za mshazari ili baraza lisiyumbe. Likizidi mita mbili, mlipe mhandisi alitazame. Hilo si la kubahatisha.

Kisha tafuta vilivyofichika ardhini: mabomba ya maji, nyaya za umeme, shimo la maji taka na vifuniko vyake. Katika baraza langu la kwanza nilipitisha mbao juu ya kifuniko cha maji taka, nikijiambia kwamba hakijafunguliwa kwa miaka. Kiliziba mwezi wa nne mvua ilipokolea, nami nikapiga magoti usiku nikifungua skrubu za mbao sita huku mwenye nyumba akinishikia tochi na kukaa kimya, na kimya hicho kilinichoma kuliko matusi. Siku hizi sehemu ya namna hiyo naitengenezea mlango wa mbao unaoinuliwa kwa mkono mmoja.

Uliza pia katika ofisi ya mipango ya kaunti kabla ya kuchimba. Sheria ya mwaka 2019 ya upangaji na matumizi ya ardhi imeziachia serikali za kaunti jukumu la kutoa ruhusa za ujenzi, na kilicho kidogo machoni pako huenda si kidogo kwa mkaguzi, hasa ukikaribia mpaka wa jirani. Mpangaji apate idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi.

Mwisho wa hatua hii, simama mahali penyewe saa kumi alasiri. Huku kwetu tuko juu ya mstari wa ikweta, na jua la magharibi la Kisumu kwenye baraza lisilo na kivuli humfukuza mtu hadi saa kumi na mbili jioni. Upande wa mashariki wa nyumba, au chini ya kivuli cha mwembe ulio umbali wa kutosha ili mizizi isiguse vikingi, ndipo mahali pa watu kukaa.

Hatua ya pili: chora, kisha hesabu

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: baraza lenye futi 16 kwa urefu sambamba na nyumba na futi 12 kutoka nyumbani kwenda nje, yaani takribani mita 4.8 kwa 3.6. Natumia futi na inchi kwa sababu ndivyo wauzaji wetu wa mbao wanavyopima na kuuza.

Usilikadirie baraza kwa watu wa nyumbani kwako. Likadirie kwa siku ya wageni. Siku ya kupeleka mahari, au ya matanga, watu hawakai kwa mpangilio. Wote husogea upande mmoja wakitazama kinachoendelea. Mwaka 2003 huko Chicago, Marekani, kibaraza cha ghorofani kilichojaa watu waliokuwa kwenye sherehe kiliporomoka na kuua watu 13. Kipimo cha busara ni kilo 200 kwa kila mita mraba, sawa na watu wazima watatu waliosimama karibu karibu kwenye kila mita mraba.

Kwa uzito huo, boriti za mbao laini za inchi 6 kwa 2 ziachane kwa inchi 16 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine, na zisiachwe bila kuegemezwa kwa zaidi ya futi 8. Kwenye mfano wetu, boriti 13 zenye urefu wa futi 12 zitalala juu ya mihimili mitatu: wa kwanza futi moja kutoka upande wa nyumba, wa mwisho futi moja kutoka ukingo wa nje, na mmoja katikati. Kila mhimili ni mbao mbili za 6 kwa 2 zilizounganishwa kwa bolti, ukikaa juu ya vikingi vinne. Jumla ni vikingi 12.

Hesabu ya mbao sasa ni rahisi. Boriti ni futi 156, mihimili futi 96, mbao za ukingo futi 32, na vipande vya kuzuia boriti zisilale upande takribani futi 14. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya vipande vibovu, upate kama futi 330 za 6 kwa 2. Mbao za sakafu za 6 kwa 1, zikishapigwa randa, hubaki na upana wa takribani milimita 140. Ukiacha mwanya wa milimita 5, utahitaji safu 26 za futi 16, yaani futi 416, na ukiongeza ziada iwe 460. Kila safu hukutana na boriti 13 na kila makutano hupigwa skrubu mbili, kwa hiyo skrubu ni 676, nunua 750. Mwenye karatasi hii mkononi hauziwi mbao za baraza mbili.

Hatua ya tatu: ujue udongo wako

Hapa ndipo ramani za kuiga kutoka nchi nyingine zinapotudanganya. Wenzetu wa nchi za baridi huchimba msingi kwa kuogopa ardhi kuganda. Sisi tunachimba kwa kuogopa ardhi kuvimba. Udongo mweusi wa mfinyanzi ulioenea kwenye uwanda wa Kano na katika mitaa mingi ya chini ya Kisumu hunyonya maji wakati wa masika ukavimba, kisha mwezi wa Januari hukauka na kupasuka nyufa ambazo mtu huweza kutia kiganja. Kikingi kilichowekwa juu juu hupanda na kushuka nao kila mwaka. Ukipanda Riat mambo hubadilika kabisa, kwani sururu hugonga mwamba kabla shimo halijafika magotini. Udongo mwekundu wa Kakamega hupitisha maji vizuri zaidi, ila mvua yake ni nyingi. Nakuru, sehemu kubwa ya ardhi ni majivu ya volkano, mepesi kuchimbika na mepesi kusombwa, na baada ya mvua kubwa ardhi yake huweza kufunguka ufa au shimo bila taarifa; huko, elekeza maji ya paa mbali na vikingi kabla hujafikiria kitu kingine chochote.

Jaribio la bure ni hili. Chukua udongo kutoka kina cha nusu mita, ulowanishe, uuviringishe kati ya viganja mpaka uwe uzi mwembamba kama penseli, kisha uupinde uwe pete. Pete ikikubali bila kukatika, una mfinyanzi mwingi, na hatua inayofuata usiifanye kwa mkato.

Hatua ya nne: vikingi

Chimba Januari au Februari, au subiri Julai. Kabla ya sururu, piga mambo, yaani vijiti vilivyochongoka, kwenye pembe na ukaze kamba, kisha uhakikishe pembe ni mraba kwa kupima futi 6 upande mmoja, futi 8 upande wa pili, na umbali kati ya alama hizo mbili uwe futi 10 kamili. Ukimaliza, pima mishazari miwili ya baraza zima. Isipolingana, sogeza mambo sasa, kwa kuwa kosa la vidole viwili hapa utalikuta tena kwenye mbao ya mwisho ya sakafu likiwa kabari inayoonekana na kila mgeni.

Mashimo yafike sentimita 90 kwenda chini kwa udongo wa kawaida. Kwenye udongo mweusi endelea mpaka rangi ibadilike au mtaimbo ugonge muramu. Ukifika mita 1.2 na bado ni mweusi, panua kitako cha shimo hadi sentimita 60 kila upande na utumie vishikio vinavyoweza kurekebishwa, ambavyo nitavieleza punde. Kwenye mwamba, safisha uso wake, toboa, na uchomeke nondo ndani yake badala ya kujichosha.

Mimina kitako cha zege cha sentimita 40 kwa 40 chenye unene wa sentimita 20, na juu yake kikingi cha sentimita 25 kwa 25 chenye nondo nne, kikitokeza juu ya ardhi kwa sentimita 20. Kwenye udongo mweusi, zungushia kikingi karatasi nzito ya nailoni ili udongo unaovimba uteleze pembeni badala ya kukishika na kukivuta juu. Mchanganyiko ni saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, na kwa vikingi 12 vya kina cha sentimita 90 mifuko minane ya saruji ya kilo 50 inatosha. Maji yawe ya kulainisha tu. Fundi anayemwaga ndoo nzima ili zege litiririke lenyewe anakurahisishia kumimina na kukupunguzia nguvu. Funika kwa magunia na uyamwagie maji kwa siku saba. Usipandishe uzito kabla ya hapo.

Juu ya kila kikingi, kabla zege halijakauka, chomeka kishikio cha chuma chenye umbo la herufi U. Mafundi wa jua kali wa soko la Kibuye, Kisumu, wanaweza kukuchomelea hivi kwa mchoro wa penseli. Waambie kisahani cha U kikae juu ya fito yenye hesi na nati mbili, unene wa milimita 20, ili kikingi kikishuka miaka mitatu baadaye uzungushe nati kwa spana na kuinua mhimili bila kubomoa kitu. Baada ya kuchomelea, chuma hicho kitiwe zinki au kipakwe rangi ya zinki tabaka mbili. Kilinganishe kimo cha vishikio vyote kwa mpira mwembamba unaopitisha mwanga uliojazwa maji, chombo cha waashi ambacho bado sijaona kinachokishinda kwa umbali wa mita tano.

Sasa shughulikia ardhi iliyo chini ya baraza. Ng'oa visiki na mizizi, ondoa kila kipande cha mbao na gunia la saruji, kwa sababu hivyo ndivyo chakula cha kwanza cha mchwa. Iteremshe ardhi kidogo kutoka nyumbani kwenda nje, kama sentimita mbili kwa kila mita, kisha tandaza kokoto. Ukiacha kidimbwi hata cha ukubwa wa sufuria, katika ukanda huu wa ziwa utakuwa umefuga mbu wa malaria chini ya viti vyako.

Hatua ya tano: kuchagua mbao

Mbao nyingi utakazoonyeshwa ni saiprasi, msonobari na mkaratusi. Saiprasi hufanya kazi vizuri na haipindi sana, lakini miti michanga inayovunwa mashambani ina sehemu kubwa ya ngozi nyeupe ya nje ambayo mchwa huila kama mkate. Msonobari usiotiwa dawa usiutumie nje hata ukipewa bure. Mkaratusi ni mgumu na una nguvu, ila hupinda na kupasuka ukikaushwa ovyo. Mvule ndio mfalme: kiini chake cha rangi ya kahawia hustahimili mchwa na mvua bila dawa, ingawa bei yake hufanana na hadhi yake, na vumbi lake huwasha ngozi na kifua, kwa hiyo anayeupiga randa avae barakoa. Muulize muuzaji kibali cha kusafirisha mbao. Asiye nacho anakuuzia kesi pamoja na mbao.

Uamuzi wangu kwa mfuko wa kawaida ni huu: mihimili na boriti ziwe mbao zilizoshindiliwa dawa kiwandani kwa mgandamizo, zile zenye rangi ya kijanikijani, na sakafu iwe mvule au kiini cha mkaratusi uliokauka. Dawa hiyo ya kijani aghalabu huwa na shaba, kromiamu na aseniki. Mwishoni mwa mwaka 2003 watengenezaji wa Marekani waliacha kuitumia kwenye mbao za matumizi mengi ya nyumbani, nami sioni sababu ya kumtambaza mtoto juu yake wakati inaweza kukaa chini, mahali ambapo kazi yake inahitajika. Vipande vinavyobaki visiwashwe jikoni wala kwenye choma. Moshi na majivu yake ni sumu. Elewa pia kwamba dawa huingia kwenye ngozi ya nje ya mti na si kwenye kiini, kwa hiyo nguzo iliyotiwa dawa ikipasuliwa katikati kwa msumeno hufungua ndani isiyo na kinga. Kila sehemu utakayokata ipakwe dawa ya mbao siku hiyo hiyo, mara mbili.

Oili chafu ya gari, ambayo wengi hupaka nguzo, huonekana kama kinga kwa miezi michache. Baadaye jua huikausha, mchwa hurudi, na sakafu iliyopakwa hubaki ikichafua nguo na udongo.

Mbao mbichi ndiyo hasara kubwa kuliko zote. Nunua Oktoba au Novemba kwa ajili ya kujenga Januari au Februari, uzipange chini ya paa huku kila safu ikitenganishwa na fito nyembamba ili hewa ipite, na juu kabisa uweke mawe yazuie kupinda. Kujua kama zimekauka hakuhitaji mashine. Kata kipande cha futi moja kutoka katikati ya mbao mojawapo, kipeleke kwenye mizani ya duka la nafaka, uandike uzito kwa penseli juu ya kipande chenyewe pamoja na tarehe, kisha ukirudishe kwenye rundo. Rudia kila wiki. Utaona tarakimu zikishuka moja chini ya nyingine, kwa kasi mwanzoni, kisha polepole; wiki mbili mfululizo zikiandika uzito uleule, mbao zako zimekubaliana na hewa ya mahali pako, nawe unaweza kuanza.

Hatua ya sita: fremu

Usiishikize fremu kwenye ukuta wa nyumba. Najua wengi hufanya hivyo ili kuokoa vikingi vinne, lakini kuta zetu za matofali ya kuchoma au mawe yaliyounganishwa kwa mota dhaifu hazishiki bolti kwa uaminifu, na mbao iliyobanwa ukutani hulowa upande usiokauka kamwe. Baraza lisimame kwa miguu yake, likiacha mwanya wa sentimita mbili kutoka ukutani, na uso wake uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita mbili au tatu ili mvua ya upepo isiingie nyumbani. Hakikisha hujaziba matundu ya hewa yaliyo kwenye msingi.

Laza mihimili ndani ya vishikio, ukaze bolti za milimita 12, mbili kwa kila kishikio. Misumari peke yake haitoshi hapa. Bolti, nati, waya na skrubu zote ziwe za chuma kilichozamishwa kwenye zinki au chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa shaba iliyomo kwenye dawa ya mbao hula chuma cha kawaida haraka kuliko mvua. Panga boriti, ukitazama kila moja kwa jicho kutoka nchani: karibu zote zina mgongo kidogo, na mgongo huo utazame juu ili uzito uunyoshe. Zishikize kwenye mihimili kwa vipande vya chuma vilivyopindwa, zipigie vipande vya katikati ili zisigeuke, kisha funika sehemu ya juu ya kila boriti kwa utepe wa lami ili maji yanayopita kwenye tundu la skrubu yasikae ndani ya mbao.

Kama unatumia nguzo za mbao, weka juu ya kikingi kofia ya bati iliyopindwa kingo kuelekea chini. Haiwazuii mchwa kupanda, ila huwalazimisha wajenge njia yao ya udongo kwa nje ambapo utaiona.

Hatua ya saba: sakafu, ngazi na reli

Sakafu ndiyo sehemu inayokwenda haraka. Anzia ukingo wa nje, ambao ndio unaoonekana, umalizie ukutani ambapo mbao iliyopunguzwa upana haitamsumbua mtu. Mwanya wa milimita 5 hupatikana kwa kuweka msumari mnene kati ya mbao. Kama mbao bado zina unyevu kidogo, zibananishe zaidi, kwa kuwa zitajifungulia mwanya zenyewe. Toboa kwa keekee kabla ya kila skrubu karibu na ncha, hasa kwenye mvule na mkaratusi, na kichwa cha skrubu kiishie sawa na uso wa mbao, kisizame kikawa kisima cha maji. Skrubu ziwe na urefu wa milimita 60 hadi 65.

Baraza la kimo cha sentimita 55 linahitaji vidato viwili kati ya ardhi na sakafu, hivyo kila mpando uwe kama sentimita 18, na pa kukanyagia pawe sentimita 28 au zaidi. Mipando yote ilingane kabisa. Mguu hukumbuka mpando wa kwanza na kuudai kwenye unaofuata. Ngazi ianzie juu ya bamba la zege, isiguse udongo. Reli ni ya lazima kimo kikipita sentimita 60, nami huiweka hata chini ya hapo penye watoto au wazee: urefu wa mita moja, nafasi kati ya fito isizidi sentimita 10 ili kichwa cha mtoto kisipite, na nguzo zake zifungwe kwa bolti kwenye fremu. Ijaribu kwa kuegemea kwa uzito wako wote kabla mgeni hajafanya hivyo.

Hatua ya nane: mafuta na ukaguzi

Vanishi inayong'aa hupendeza kwa msimu mmoja, kisha jua letu huibandua vipande vipande, na kuiondoa ni kazi ya msasa ya siku mbili. Tumia mafuta ya mbao yenye rangi ndani yake, kwa sababu ni rangi inayozuia mionzi ya jua. Paka pande zote nne za kila mbao kabla ya kuipigilia, kisha upande wa juu tu kila mwaka au miaka miwili, pale matone ya maji yatakapoacha kusimama kama shanga na kuanza kunyonywa.

Mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli, ingia chini ya baraza kwa tochi na bisibisi. Zunguka kila kikingi pande zote nne, hasa ule unaotazama ukuta, kwa maana mchwa hupenda upande ambao hakuna mtu anayeupitia. Unachotafuta ni uzi wa udongo, mnene kama kalamu, unaopanda juu ya zege kuelekea kwenye chuma. Uvunje katikati, urudi baada ya siku tatu. Ukikuta umejengwa upya, wamo, na ni wakati wa kumwita mtu mwenye leseni ya kunyunyizia dawa, si wa kumwaga mafuta ya taa. Kisha dunga bisibisi kwenye ncha za boriti na pale zinapokutana na mihimili. Mbao nzima hurudisha chuma. Mbao inayooza hukikaribisha ndani bila sauti. Bisibisi ikizama zaidi ya nusu sentimita, kipande hicho kitoke kabla ya mvua inayofuata, na hapo ndipo utakapofurahi kwamba ulihifadhi mbao nne za ziada stoo, zilizokauka pamoja na wenzake.